Malagarasi: Mto Unaozunguka Buha

Mto Malagarasi hauna haraka ya kufika ziwani. Unaanzia kwenye vilima vya mpakani mwa Burundi na Tanzania, si mbali na Ziwa Tanganyika, lakini badala ya kuteremkia huko unalipa ziwa kisogo. Unakwenda kaskazini mashariki ukiwa mpaka wa nchi mbili, unageukia kusini ndani ya Kibondo, unapotelea kwenye mabwawa makubwa ya mafunjo, kisha unaibuka tena, unashika njia ya magharibi, unapita Uvinza na kumwaga maji yake Ilagala. Ni mzunguko wa karibu kilomita 475, na ndani yake ndimo ilimo Buha, nchi ya Waha: Muhambwe ya Kibondo, Heru ya Kasulu, mashamba ya mihogo na maharage, migomba iliyosongamana kwenye miteremko ya udongo mwekundu.

Habari za ziwa zimezoeleka kusimuliwa kutoka ufukweni, Ujiji au Kibirizi, kwa mdomo wa mvuvi. Mimi nataka kuzisimulia kutoka huku juu. Mto uko mmoja zaidi wa kuujua kabla hatujaanza: Ruchugi. Huo hauzunguki. Unatoka upande wa Kasulu, unateremka moja kwa moja kusini na kuungana na Malagarasi pale Uvinza, chini ya mabwawa. Kwa hiyo maji ya Kibondo huchujwa kwenye mafunjo kabla ya kufika ziwani, na maji ya Ruchugi hayachujwi. Tofauti hiyo ndogo ya ramani imekuwa na uzito mkubwa kuliko maazimio mengi ya mikutano.

Richard Burton na John Speke walivuka Malagarasi kwa mitumbwi Februari 1858 wakielekea Ujiji, wakalipa ushuru wa kivuko kama kila msafara ulivyolipa. Henry Morton Stanley alifika mtoni mwanzoni mwa Novemba 1871. Watu wake walikuwa wakimvusha punda mmoja, aliyeitwa Simba, kwa kumvuta kwa kamba, na katikati ya mto mamba akamdaka shingoni. Hakuonekana tena. Ng'ambo ya mto Stanley alikutana na watemi wa Buha waliodai hongo kila baada ya mwendo mfupi, hadi akaamua kupita usiku kwa kujificha porini. Tarehe 10 Novemba aliingia Ujiji na kumkuta David Livingstone.

Wageni hao walikuwa na swali moja lililowakosesha usingizi: maji ya ziwa hili hutoka kupitia wapi? Livingstone na Stanley walipiga makasia mwezi huohuo hadi kaskazini wakaona kwamba Mto Rusizi unaingia, hautoki. Mwaka 1874 Verney Lovett Cameron alilikuta lango la Lukuga upande wa magharibi, likiwa limezibwa na tope na magugu. Ziwa lilikuwa likipanda. Mnamo 1878 kizuizi hicho kilivunjika, maji yakaanza kukimbilia Kongo, na miaka iliyofuata kina kikashuka mita kadhaa. Ndiyo maana mahali walipokutana Livingstone na Stanley pako mbali na maji leo. Nalitaja tukio hili mapema kwa makusudi: ziwa hili limepanda na kushuka kabla ya gari la kwanza kuwashwa duniani, na si kila badiliko lake ni deni letu.

Tena watu wa bonde hili hawakuanza jana kukata miti. Chemchemi za chumvi za Uvinza zimechemshwa kwa kuni zaidi ya miaka 1,000, na chumvi yake ilibebwa vichwani hadi nchi za mbali. Kilichobadilika katika karne ya 20 ni wingi wa watu, na zaidi ya hapo, jinsi watu walivyohamishwahamishwa.

Mkupuo wa kwanza uliletwa na mbung'o. Malale ilipoenea magharibi mwa Tanganyika, serikali ya Kiingereza iliwakusanya watu wa Kibondo katika makazi maalumu miaka ya 1930, ikayaacha mapori ya tambarare yajae vichaka. Wanaume wengi wa Buha walikuwa pia wakiondoka kwa mkataba, manamba wa mashamba ya mkonge ya Tanga na Morogoro. Nchi ya chini, kuelekea Muyovozi, ikabaki tupu. Mtu hawezi kuisifu malale. Lakini ni kweli kwamba mbung'o aliyalinda mabwawa ya Malagarasi kuliko ofisa yeyote wa misitu, na pori la akiba la Moyowosi lilikuja kuchorwa juu ya ardhi aliyokuwa ameifunga yeye.

Kisha zikaja mvua. Mwishoni mwa 1961, mwezi uleule Tanganyika ilipopandisha bendera yake, Afrika Mashariki ilinyeshewa kuliko wazee walivyoweza kukumbuka. Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita mbili ndani ya miaka mitatu, na Tanganyika nayo ikapanda. Wanasayansi waliochimba nguzo za tope kutoka sakafu ya ziwa, mwambao wa mashariki, wameikuta alama ya mvua hizo: tabaka linalonenepa ghafla mwanzoni mwa miaka ya 1960. Miteremko iliyokuwa imeshalimwa, ikivumilia mvua za kawaida, ilishindwa kuivumilia ile. Hapo ndipo unapoona kwamba jembe na hali ya hewa havifanyi kazi mbali mbali. Jembe huulegeza udongo, na mvua moja ya ajabu huja kuuzoa.

Mkupuo wa pili ulikuwa Operesheni Kigoma ya 1972 na miaka iliyofuata. Kaya zilizotawanyika vilimani zilisogezwa kwenye vijiji vya ujamaa, nyingi kando ya barabara. Shule na zahanati zilifika, hilo halina ubishi. Ila shamba lililokuwa likipumzishwa miaka kadhaa likawa mbali, na lile la karibu na kijiji likalimwa kila msimu bila kupumua. Rutuba ilipokwisha mlimani, watu waliteremka mabondeni, kwenye vinamasi vyenye unyevu mwaka mzima, wakachimba mifereji na kupanda maharage ya kiangazi. Vinamasi hivyo vidogo ndivyo vilivyokuwa vikishika udongo wa juu usifike mtoni.

Mkupuo wa tatu haukupangwa na serikali yetu. Oktoba 1993 Rais Melchior Ndadaye wa Burundi aliuawa, na mpaka wa Kibondo na Kasulu ukafurika watu. Zikaanzishwa kambi za Kanembwa, Mtendeli, Nduta, Mtabila, Muyovosi. Mwaka 1996 ikafunguliwa Nyarugusu, karibu na Makere, kwa Wakongo waliokimbia vita vya Zaire. Kufikia mwaka 2000 mkoa wa Kigoma ulikuwa umebeba wakimbizi zaidi ya laki tatu. Wote walipika kwa kuni. Kwa kanuni ya serikali mkimbizi hakuruhusiwa kwenda zaidi ya kilomita nne kutoka kambini, kwa hiyo duara la kilomita nne ndilo lililokatwa hadi mizizi, na baadaye, kwa hofu na kwa magendo, likapanuka. Wenyeji nao waliuza mkaa na matofali ya kuchoma. Siku hizo soko la kambi lilikuwa soko bora kuliko la mjini. Mtabila ilifungwa Desemba 2012. Nduta, iliyokuwa imefungwa, ilifunguliwa tena Oktoba 2015 baada ya Burundi kuchafuka upya.

Ni rahisi kumtupia mkimbizi lawama zote, na wanasiasa wetu wamefanya hivyo mara nyingi. Mkoa ulikuwa na watu chini ya laki tano katika sensa ya 1967. Ile ya 2022 ilihesabu karibu milioni mbili na nusu. Wengi mno wa hao ni wenyeji. Kambi ziliharakisha safari iliyokuwa imeshaanza.

Hadi hapa nimesimulia udongo. Sasa ziwa, maana ziwa lina njaa, na njaa yake ni ya ajabu: linaletewa udongo mwingi kuliko zamani na bado linakosa chakula.

Tanganyika lina kina cha mita 1,470, kipimo kilichothibitishwa na Wabelgiji katika msafara wao wa 1946 na 1947. Limebeba karibu asilimia 17 ya maji baridi yasiyoganda yaliyo juu ya uso wa dunia. Lakini oksijeni iko juu tu. Chini ya mita 100 hadi 200 haipo, na samaki hawezi kuishi. Mwani mdogo usioonekana kwa macho huota juu penye mwanga. Wadudu wa majini huula, dagaa huwala wadudu, migebuka na sangara huwala dagaa. Kila kinachokufa huzama, kinaoza gizani, na fosforasi, naitrojeni na silika yake hulundikana huko chini. Sehemu ya naitrojeni hupotea kabisa, kwa kuwa bakteria wa maji yasiyo na oksijeni huigeuza gesi ikarudi hewani. Mengine hubaki, akiba iliyokusanywa tangu kale.

Ili ziwa lile, akiba hiyo lazima ipande. Kazi hiyo hufanywa na upepo wa kusini mashariki, kuanzia Mei hadi Septemba. Huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na kule kusini maji ya chini yakapanda kujaza nafasi. Upepo ukitulia, tabaka zima huyumba kwenda na kurudi kwa wiki nyingi, na kila linapoyumba hupandisha virutubisho kidogo. Sasa fikiria mchuzi wa mawese uliotulia chunguni, mafuta juu na nyama chini: usipoukoroga kwa nguvu, utachota mafuta matupu. Maji ya moto ni mepesi kuliko ya baridi. Kadiri uso wa ziwa unavyopata joto ndivyo unavyokaa juu kwa ukaidi, na upepo uleule wa zamani hautoshi kuukoroga.

Tunajua haya kwa sababu watu walipima mapema. Louis Stappers, daktari wa Kibelgiji, alichukua joto la maji mwaka 1912 na 1913, wakati reli ya Wajerumani ilikuwa bado haijafika Kigoma. Hakujua kwamba namba zake zingekuwa ushahidi wa karne nzima. Mgebuka unabeba jina lake hadi leo katika vitabu vya sayansi, Lates stappersii. Mwaka 2003 makundi mawili ya watafiti, moja likiongozwa na Catherine O'Reilly na jingine na Piet Verburg, yalichapisha matokeo karibu wakati mmoja: ziwa limepata joto, linachanganyika kwa shida, na uzalishaji wa mwani umeshuka. Kundi la O'Reilly lilikadiria upungufu wa karibu asilimia 20, ambao ungeweza kumaanisha samaki pungufu kwa asilimia 30 hivi. Mwaka 2010 Jessica Tierney na wenzake walisoma joto la kale kutoka kwenye tope la sakafuni, wakasema nyuzi 26 za uso wa ziwa za mwaka 2003 hazijapata kufikiwa kwa miaka 1,500.

Kulikuwa na ubishi, na ulikuwa ubishi wa haki. Wataalamu wengine walisema: kwa nini kulaumu joto wakati nyavu zipo? Tangu miaka ya 1950, Wagiriki wa Usumbura, Bujumbura ya leo, walipoleta nyavu kubwa za kuzungushia, uvuvi umekua bila breki. Vipe vya Kigoma, mitumbwi miwili iliyofungwa pamoja na wavu kati yake, viliwasha karabai usiku wa giza na sasa vinawasha taa za betri. Miaka ya 1990 ziwa zima lilikadiriwa kutoa kati ya tani 165,000 na 200,000 za samaki kwa mwaka. Hakuna ziwa lisilochoka kwa namna hiyo.

Jibu lilitoka kwenye tope tena. Mwaka 2016 Andrew Cohen na wenzake walihesabu mabaki ya samaki, konokono na mwani katika tabaka za miaka mingi, wakaona kupungua kulianza kabla ya uvuvi wa biashara, sambamba na joto kupanda tangu karne ya 19. Katika maeneo waliyoyachunguza, sakafu yenye oksijeni ilikuwa imepungua kwa asilimia 38. Mimi naamini ushahidi huu. Haumfutii mvuvi makosa, bali unaonyesha kwamba anagombania sahani inayopungua.

Basi kwa nini rutuba ya Kasulu isilishe ziwa badala ya ile iliyofungiwa chini? Swali hili ni zuri, na nimelisikia likiulizwa na watu wenye akili. Fosforasi inayotoka Buha husafiri imeng'ang'ania chembe za udongo mwekundu wenye chuma, na haiachii kirahisi. Maji ya mto yenye tope, yakiwa mazito na ya baridi kidogo, hupenda kuzama badala ya kutandaa juu. Kinachobaki karibu na ufuko huziba mwanga na kufunika miamba wanakojilisha na kuzaliana samaki wadogo wa rangi ambao dunia nzima inawajua. Cohen na wenzake walionyesha tangu 1993 kwamba fukwe zilizo chini ya milima iliyokatwa, upande wa Burundi, zina aina chache za viumbe kuliko zile zilizo chini ya milima yenye misitu. Kwa hiyo katikati ya ziwa kuna uhaba na pembeni kuna matope, na kimoja hakikifidii kingine.

Hapo ndipo mabwawa yanapopata thamani yake. Tanzania ilipojiunga na Mkataba wa Ramsar mwaka 2000, eneo lake la kwanza kuorodheshwa lilikuwa Malagarasi-Muyovozi, hekta milioni 3.25 pamoja na maziwa ya Nyamagoma na Sagara. Wengi walilisifu kwa ndege, hasa yule korongo mkubwa mwenye mdomo kama kiatu. Kazi yake kubwa haina manyoya: mafunjo hupunguza kasi ya maji, tope linatua, mizizi inakula naitrojeni, na mto unaotoka magharibi ni safi kuliko ulioingia. Ndani yake wanaishi pia samaki wenye asili ya Kongo, kwa kuwa mto huu unaaminika kuwa mkongwe kuliko ziwa lenyewe na zamani ulitiririka hadi huko. Kuna perege asiyepatikana mahali pengine, Oreochromis malagarasi. Tangu miaka ya mwisho ya karne iliyopita wafugaji wenye makundi makubwa waliingia kutoka Shinyanga na Tabora, na moto wa kuotesha majani mapya ukaingia nao. Mradi wa usimamizi uliofadhiliwa na Denmark ulianza mara baada ya kuorodheshwa. Watu walifukuzwa, wakarudi, wakafukuzwa tena.

Maporomoko ya Igamba, chini ya Uvinza, yalikusudiwa kuwekewa mtambo wa umeme kwa fedha za Marekani. Viumbe adimu waliogunduliwa pale wakawasimamisha wafadhili. Baadaye mpango mkubwa zaidi, wa megawati 49.5, ukapata fedha za Benki ya Maendeleo ya Afrika. Kigoma inahitaji umeme, na sitajifanya kwamba konokono ana hoja rahisi mbele ya wodi isiyo na taa. Lakini mtambo unaotegemea mto wenye tope utakuja kuzibwa na tope hilohilo, na hiyo ni hesabu ya mhandisi.

Uchafu wa makazi ni hadithi fupi zaidi huku kwetu, ingawa haina huruma. Mei 2015 Warundi makumi ya maelfu walijazana Kagunga, kijiji kidogo cha ufukweni kisicho na barabara. Ziwa hilohilo walilolinywa ndilo lililopokea kinyesi chao. Kipindupindu kiliwashika maelfu na kuua watu takribani 30 kabla MV Liemba, meli iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, haijakamilisha safari za kuwahamishia Kigoma. Wengi walipelekwa Nyarugusu, vilimani kule.

Halafu ziwa likapanda tena. Kuanzia 2020, na kwa nguvu zaidi katika mvua za El Niño za 2023 na 2024, maji yalimeza fukwe za kuanikia dagaa, nyumba na barabara kutoka Bujumbura na Uvira hadi Kigoma na Kalemie. Wengine walidhani maji mengi yataleta samaki wengi. Maji mengi yenye joto juu bado ni maji yenye joto juu.

Tarehe 15 Mei 2024 uvuvi ulifungwa kwa miezi mitatu, hadi 15 Agosti, kwa makubaliano ya Tanzania, Burundi, Kongo na Zambia. Siipingi hatua hiyo. Dagaa huzaliana haraka na mapumziko humfaa. Ila tazama kalenda. Miezi hiyohiyo ndiyo kiangazi cha Buha: nyasi huwashwa kuanzia Muhambwe hadi Makere, tanuri za matofali hufuka, mabonde hulimwa. Moshi na majivu hubeba fosforasi na naitrojeni, sehemu yake huangukia ziwani kwa upepo, na sehemu kubwa hukaa mlimani ikingoja maji. Mkataba wa 2003 uliotiwa saini Dar es Salaam na nchi zote nne unahusu bonde zima la ziwa, kwa hiyo Kasulu na Kibondo zimo ndani yake. Lakini marufuku ya 2024 ilimgusa mvuvi peke yake. Anayetaka kujua kama ziwa lilipumzishwa kweli angeweka kipimo cha tope kwenye daraja la Ruchugi, Uvinza, wiki mvua za kwanza zinapoanguka Kasulu, na kukiacha hapo miaka kumi.